SOMO LA MIFUGO: Usiimalize Mbegu ya Kondoo Mwekundu

Ndugu mkulima, shamba lako la skimu lina ekari chache, na mahindi na ng'ombe wa maziwa wanataka nafasi yao. Ni haki basi ujiulize: ni kondoo yupi anayestahili kula majani yako? Wengi hujibu, "Yule mkubwa." Jibu hilo ni nusu tu.

Kondoo wawili

Kondoo Mwekundu wa Kimasai ni mwenyeji wa nchi yetu. Ana singa, hana sufu nyingi, na mkia wake ni mnene wenye mafuta. Dorper, mwenye mwili mweupe na kichwa cheusi, alifanyizwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 na 1940. Ni mzito, hukua upesi, na wenye bucha humpenda. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1970 wafugaji wengi wa Kenya wamepandisha kondoo wao wekundu kwa madume ya Dorper, kizazi baada ya kizazi. Leo kondoo mwekundu halisi ni wa kutafutwa.

Adui katika majani

Mnyoo anyonyaye damu hukaa katika tumbo la nne la kondoo. Mnyoo jike mmoja hutaga mayai maelfu kila siku. Mayai hutoka na mavi; penye joto na unyevu huanguliwa, na watoto wa minyoo hupanda majani mabichi wakangoja kuliwa. Funua ukope wa chini wa kondoo wako. Ukiwa mwekundu, damu ipo. Ukiwa mweupe, au ukiona uvimbe chini ya taya, mwite Afisa wa Mifugo upesi.

Kati ya mwaka 1991 na 1996 wataalamu waliwafuga kondoo hawa wawili pamoja huko Diani, pwani, penye unyevu mwingi. Wekundu walikuwa na mayai ya minyoo machache zaidi katika mavi, damu yao ilikuwa nzito zaidi, na wana-kondoo wao waliokufa walikuwa wachache zaidi. Katika nchi kavu Dorper hakuachwa nyuma hivyo. Basi jua kwanza shamba lako ni la namna gani.

Hesabu

Tuchukue mfano. Wakulima wawili wa mahali penye mvua nyingi wamezaliwa wana-kondoo 10 kila mmoja. Wa kwanza, mwenye Dorper, amepoteza 4 kwa minyoo. Amebaki na 6 wenye kilo 30 kila mmoja: jumla kilo 180. Wa pili, mwenye wekundu, amepoteza 1. Amebaki na 9 wenye kilo 24 kila mmoja: jumla kilo 216. Tena dawa aliyonunua ni kidogo. Usipime kondoo mmoja. Pima zizi zima mwisho wa mwaka.

Fanya hivi

1. Usimhasi dume mwekundu aliye bora kuliko wote. Wengi huwahasi au huwauza wazuri kwanza kwa kuwa wana bei, kisha hupandisha kwa yule aliyebaki.

2. Usidanganywe na rangi. Chotara pia huweza kuwa mwekundu. Uliza habari za mama na baba.

3. Ukitaka uzito, wapandishe baadhi ya majike kwa Dorper, na watoto wao wote wauzwe kwa nyama. Majike yaliyosalia yapandwe na dume mwekundu tu, nao ndio akiba ya mbegu.

4. Dume asiwapande binti zake. Badilishana na jirani kabla hawajakua.

5. Tia alama masikioni, ukaandike katika daftari: kuzaliwa, mama, baba, dawa, kifo.

6. Mwekundu naye huugua minyoo. Mnyweshe dawa anapohitaji, kwa kipimo. Dawa ikitolewa ovyo, minyoo huizoea.

Dume la Dorper unaweza kulinunua hata mwakani. Lakini mbegu ya kondoo mwekundu ikiisha katika mazizi yetu, hakuna duka la kuiuza.

Maswali

(a) Mnyoo huyu hukaa wapi katika kondoo?
(b) Katika zizi lako, walizaliwa wangapi mwaka jana, na wangapi walifika sokoni?
(c) Dume wako mwekundu, baba yake ni nani?

Kama huwezi kujibu (b) na (c), nunua daftari leo.