Utamu wa Mudomo na Njaa ya Mwili

Somo juu ya chakula cha katikati kwa watoto wetu

Somo letu ni juu ya kitu ambacho watu wengi hawakihesabu kuwa chakula. Ni kile mutoto anachokula katikati ya asubui na saa ya kula, na tena kabla ya usiku. Mutoto ana tumbo dogo. Hawezi kupata nguvu ya kutosha kwa kula mara moja au mara mbili tu kwa siku. Kwa hiyo chakula cha katikati ni chakula kweli, wala si muchezo. Basi tujiulize: tutamupa nini?

1. Vitu vinavyotuita njiani

Ukitembea katika Kadutu, Ibanda au Bagira, utaona kila kioske imejaa bombo, biskuti, na sukre, yaani maji matamu ya chupa. Utaona vilevile paketi ndogo za unga wa kutia rangi na utamu katika maji. Vinauzwa hata kwa mulango wa masomo, pahali watoto wanapita na faranga mukononi.

Wenye kutengeneza vitu hivi wana akili nyingi. Wanafanya paketi ndogo sana, kusudi hata masikini aseme: Hii ni bei rahisi. Wanaweka rangi nyekundu na ya manjano, kwa kuwa jicho la mutoto linafuata rangi. Wanaweka picha ya chungwa, ingawa mara nyingi ndani hamuna chungwa. Wanaandika neno vitamini, na mama anafikiri ya kwamba amenunua dawa. Lakini kazi ya picha ni kuuza. Haimulishi mutu.

Neno hili si jipya. Katika mwaka 1933 muganga mwanamuke, Cicely Williams, aliandika juu ya ugonjwa wa watoto aliouona katika inchi inayoitwa leo Ghana. Aliuita kwashiorkor, jina ambalo wenyeji wa kule walilitumia. Nyuma alikwenda Singapore, na katika mwaka 1939 akasimama mbele ya watu wakubwa wa muji ule, akalaumu kwa maneno makali uuzaji wa maziwa matamu ya kopo kwa watoto wachanga. Aliona watoto wanakufa kwa sababu mama zao waliambiwa kuwa kopo ni bora kuliko ziwa. Katika mwaka 1981 mataifa mengi yalipatana kuweka masharti juu ya kutangaza vitu vya kushika nafasi ya maziwa ya mama. Katika mwaka 2010 yalipatana tena kwamba inafaa kupunguza matangazo ya vyakula vya sukari, chumvi na mafuta mengi mbele ya watoto.

2. Sukari inafanya nini

Sukari inatia nguvu ya upesi, lakini haijengi nyama ya mwili, wala damu, wala mifupa. Ni kama majani makavu katika moto: yanawaka sana, kisha yanazimika, na chungu hakijaiva.

Chupa ndogo ya sukre, ya santilita 33, mara nyingi ina karibu gramu 35 za sukari. Hiyo ni vijiko vidogo 8 hivi. Shirika la Afya la Dunia (OMS) lilishauri katika mwaka 2015 kwamba ni vizuri mutu mukubwa asipitishe karibu vijiko 6 kwa siku nzima. Mutoto anapaswa kupata chini ya hapo. Basi chupa moja imekwisha kupita kipimo cha baba yake.

Tena kuna meno. Katika kinywa cha kila mutu muna vijidudu. Vinakula sukari pamoja nasi, na vinatoa maji makali yanayokula jino. Kila mara tunapotia kitu kitamu kinywani, maji makali yale yanafanya kazi karibu nusu saa. Mutoto anayenyonya bombo moja asubui, moja saa sita, na nyingine jioni, meno yake hayapati kupumuzika. Musiseme: Ni meno ya utoto, yataanguka. Jino la utoto likioza linaleta usaha na homa, na mutoto anakataa kula.

3. Mutoto anashiba, lakini ana njaa

Hapa ndipo hatari kubwa. Mara nyingi mama analeta mutoto hospitali mwenye miguu na mashavu ya kuvimba. Jirani wanasema amenenepa. Lakini ukibonyeza muguu wake kwa kidole, shimo linabaki. Nywele zimekuwa nyekundu na laini, ngozi inabanduka, na mutoto hachezi wala hacheki. Huyu hakunenepa. Huu ni ugonjwa tunaouita bwaki, ule ule wa kwashiorkor. Waganga wa Lwiro, upande wa kaskazini ya Bukavu, walianza kuuchunguza tangu wakati wa Wabelgiji, na mpaka leo haujakwisha katika Kivu.

Je, biskuti inaleta bwaki? Hapana, si biskuti peke yake. Bwaki inatoka kwa umasikini wa chakula, kwa kula bugali wa mihogo siku zote bila kitu cha kujenga mwili, na kwa magonjwa kama kuhara na surua. Lakini biskuti na bombo vinasaidia ugonjwa huu kwa njia mbili. Kwanza, vinajaza tumbo dogo, na mutoto anakataa maharagi. Pili, vinakula feza ambayo ingenunua sambaza.

Ukiona miguu imevimba, usingoje. Leta mutoto upesi. Pale hospitali anaweza kupewa siagi tamu ya karanga katika paketi. Hiyo ni dawa kwa mutoto mugonjwa. Usiigawanye na wengine, wala usiiuze sokoni.

4. Tumupe mutoto nini

Mungu ametupa inchi yenye chakula. Chagueni katika hivi:

Ndizi mbivu, papai, mapera, marakuja na avoka. Avoka ina mafuta mazuri, na mutoto mudogo anaweza kuila ikipondwa.

Viazi vitamu vya kuchemsha, zaidi vile vya rangi ya manjano ndani, kwa kuwa vinalinda macho.

Mahindi ya kuchoma, na karanga za kukaanga. Karanga zenye ukungu au uchungu zitupwe, maana zina sumu inayoharibu ini. Mutoto wa chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima, asije akapaliwa. Zitwangwe, zitiwe katika uji.

Uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mutama.

Yai la kuchemsha, au mashanza kwa wenye ngombe.

Sambaza za kukauka. Samaki hizi ndogo hazikuwa katika ziwa Kivu zamani. Zililetwa kutoka Tanganyika karibu mwaka 1959, na leo wavuvi wanazivua usiku kwa taa. Wachache tu waliopondwa katika chakula cha mutoto wanajenga mwili wake.

Matunda yaoshwe kwa maji safi, na mikono kwa sabuni, kwa kuwa kipindupindu hakiko mbali nasi. Na mutoto wa chini ya miezi 6 haitaji kitu kingine ila maziwa ya mama yake.

5. Namna ya kufanya nyumbani

Usimupe mutoto faranga ya kwenda nayo kwa masomo. Mupe kiazi au ndizi mbili. Hesabu kwa juma moja feza yote iliyokwenda kwa vitu vitamu, na siku ya soko nunua mayai au sambaza kwa feza ile. Ukinunua paketi, soma maneno madogo nyuma yake. Kwa kawaida kitu kilicho kingi kinaandikwa kwanza. Neno sucre likiwa mwanzoni, umejua unanunua nini.

Mutoto atalia siku chache. Baba, usimushinde mama kwa kuleta bombo jioni kama zawadi. Nanyi walimu wa Shule ya Siku ya Mungu, musiwape watoto bombo kwa kujua somo, wapeni penseli. Wala hatusemi ya kwamba kitu kitamu ni zambi. Siku ya arusi na ya Noeli, mutoto ale pamoja na wengine. Tunasema kisiwe chakula cha kila siku.

Mukumbuke Danieli na wenzake katika Babeli. Chakula cha mfalme kilipendeza macho, lakini wao waliomba mboga na maji, wakapimwa kwa siku kumi, na nyuso zao zilionekana nzuri kuliko za wengine.

6. Kwa wenye kutembelea wagonjwa

Ni desturi njema kuleta kitu mukononi. Lakini mara nyingi tunaleta sukre na biskuti, hata kwa mwenye ugonjwa wa sukari. Uliza muuguzi kwanza. Ila mugonjwa wa sukari aliyepigwa sindano akianza kutetemeka na kutoka jasho, ita muuguzi mara moja, kwa kuwa wakati ule labda sukari kidogo ndiyo inayomuponyesha. Kwa wagonjwa wengine, papai, mayai au uji katika termosi ni zawadi kubwa kuliko chupa.

Maswali ya kujibu pamoja

1. Kwa nini picha ya tunda juu ya paketi haitoshi?
2. Mutoto mwenye miguu ya kuvimba amenenepa? Utajuaje?
3. Ni vyakula gani vitatu vya katikati unavyoweza kupata karibu na nyumba yako?
4. Juma hili feza ngapi ya nyumba yako ilikwenda kwa vitu vitamu, na ingenunua nini?

Mama aliyejibu swali la nne kwa kweli, afanye kazi yake siku ya soko linalokuja.