Kijana Ameanguka Hesabu Chuoni

Ndugu wanakikundi, tumeuza kahawa, tumelipa karo, na kijana ameanguka hesabu mwaka wa kwanza. Tusimwite mvivu. Tumuulize alikwama wapi. Mara nyingi ni aljebra ya kidato cha pili inayomrudisha nyuma.

Awe Chuo Kikuu cha Embu ama kile cha Meru pale Nchiru, aende kwa mhadhiri na kazi aliyojaribu mwenyewe. Wahadhiri wakiwa wawili, aulize waliotangulia: nani hurudisha karatasi zimesahihishwa? Huyo ndiye, hata akiwa mkali wa maksi.

Na mwalimu wa kulipwa? Kwanza afundishe swali moja tukiwa tumeketi hapo. Akinyakua kalamu alifanye lote yeye, tumshukuru, aende zake. Pesa ya kikundi ilipwe kwa kipindi, sio muhula mzima mara moja.