Madaraka ya Waziri Mkuu Yatoka Wapi?

Atokaye mjini Morogoro kwenda Dodoma hupita Kihonda, kisha husonga mbele hata Dakawa. Sehemu hizo za Dakawa, tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari, akitoka Dodoma. Chuo Kikuu cha Kilimo kilichoko chini ya milima ya Uluguru huitwa kwa jina lake. Vijana waliozaliwa baadaye huliona jina hilo na kuuliza: mtu huyu alipata wapi nguvu zile? Swali ni jema, nasi twapenda kulijibu.

Sisi twaamini kwamba mamlaka yote asili yake ni Mungu. Lakini imani hiyo haituzuii kuuliza mamlaka humfikia mtu kwa njia gani, wala haimpi mtawala ruhusa ya kukataa kuulizwa.

Kwanza tutenge cheo na mtu. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu Mei 1961, alipojiuzulu Januari 1962 hakuondoka na madaraka yale. Aliyashika Rashidi Kawawa. Ilipokuja Jamhuri, tarehe 9 Desemba 1962, cheo chenyewe kikafutwa, kisirudi hata mwaka 1972. Kitu ambacho sheria yaweza kukiumba na kukifuta si mali ya mtu.

Na Katiba ya sasa yasemaje? Rais humteua Mbunge wa jimbo kutoka chama chenye Wabunge wengi zaidi. Naye hawezi kushika kazi mpaka Bunge limthibitishe kwa kura za walio wengi. Basi mwenyeji wa Kihonda apigapo kura hamchagui Waziri Mkuu; lakini kura yake yahesabiwa katika wingi wa chama, na Mbunge wake ndiye atakayesema ndiyo au hapana. Tena Bunge lililothibitisha laweza kuondoa, kwa kura ya kutokuwa na imani. Edward Lowassa hakuingoja kura hiyo: alijiuzulu tarehe 7 Februari 2008, baada ya taarifa ya Kamati Teule ya Bunge juu ya mkataba wa umeme, na Baraza zima la Mawaziri likavunjika.

Turudi kwa Sokoine. Mwaka 1983 aliwasaka walanguzi na wahujumu uchumi, na wengi wakamshangilia, kwa maana bidhaa zilikuwa adimu na watu wamechoka kupanga foleni. Nasi twamheshimu kwa uadilifu wake. Hata hivyo haifai kuficha kwamba watu walianza kukamatwa kabla sheria ya kuwahukumu haijatungwa, na ilipotungwa, kesi zao zilipelekwa mbele ya baraza maalum, si mahakama za kawaida. Shangwe zile zilimwongezea nguvu nyingi. Uhalali wa jambo hilo hazikuweza kuuleta. Mwaka 1984 sheria hiyo iliondolewa ikatungwa nyingine, na makosa ya namna hiyo yakawekwa chini ya Mahakama Kuu.