Je, uchumi unatosha kumpa Rais muhula wa pili?

SWALI: Wafuasi wa Rais Ruto hunitajia shilingi iliyoimarika na mfumuko wa bei ulioshuka. Mbona mfuko wangu hauoni hayo? Katika uchaguzi wa 2027 nitaamuaje? – Mwalimu, Kakamega

JIBU: Mwalimu, takwimu hizo ni za kweli. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 9.6, Septemba 2024 ulikuwa 3.6. Mapema 2024 dola ilikaribia Sh160, kisha ikatulia karibu na Sh129. Deni la Eurobond la dola bilioni 2, lililokopwa mwaka 2014, nalo lililipwa, ingawa kwa sehemu kubwa ni kwa mkopo mpya wa riba kali.

Lakini mfumuko ukishuka, bei hazirudi zilikokuwa. Zinapanda polepole tu. Kisha kuna makato: tazama payslip yako. Anayelipwa Sh50,000 alikuwa akikatwa Sh1,200 za NHIF, bima ya afya ya zamani. Leo SHIF iliyochukua nafasi yake, asilimia 2.75, inamkata Sh1,375, na ada ya nyumba, asilimia 1.5, Sh750 nyingine. Mchango wa uzeeni wa NSSF umepanda pia (hiyo angalau ni akiba yako). VAT ya mafuta ikaruka kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023.

Rais hakuleta ukame wa 2022, wala mvua zilizoshusha bei ya unga si zake. Kodi ni zake. Kwa maoni yangu, ameokoa hazina kwa jasho la mwenye mshahara. Kabla ya kupiga kura, waulize wagombea wote watapunguza makato gani, na pengo litazibwa na nini.