Kitambuzi cha Mwendo Kama Somo la Sayansi: Mfano wa Shule ya Msingi Katika Kata ya Mpepai

Katika makala hii tunakusudia kumwonyesha mwanachuo jinsi kazi moja ya ufundi, yaani kufunga kitambuzi cha mwendo kisichotumia waya, inavyoweza kuwa somo kamili la sayansi kwa darasa la tano au la sita. Chombo hiki ni sehemu ya mtambo wa kulinda nyumba. Mtu apitapo chumbani, kitambuzi hupeleka ishara ya redio kwenye kisanduku kikuu, nacho kisanduku hupiga king'ora. Tumechagua mfano wa shule iliyo katika kata ya Mpepai, Mbinga, yenye stoo ya vitabu inayohitaji ulinzi.

Mwalimu asiyejiandaa atalifanya somo hili kuwa orodha ya majina ya sehemu za chombo. Wanafunzi watayakariri, na chombo kitafungwa popote. Lakini wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. King'ora kikilia usiku mara tatu kwa ajili ya paka, siku ya nne mwizi atakapokuja hakuna jirani atakayeamka. Kwa hiyo swali la kuliongoza somo zima na liwe hili: tukifunge wapi ili kilie penye jambo tu?

Maarifa ya mwalimu

Kila mwili wenye joto hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho, ambayo wanasayansi huiita infraredi. Mwaka 1800, nchini Uingereza, William Herschel aliuchambua mwanga wa jua kwa prizimu, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali pasipokuwa na mwanga wa kuonekana. Kipimajoto kikapanda. Ndivyo mionzi hiyo ilivyojulikana.

Kitambuzi cha aina tunayoieleza hakitoi mionzi yoyote chumbani, hupokea tu. Mbele yake mna lenzi ya plastiki nyeupe yenye vipande vingi, na kila kipande hutazama sehemu yake ya chumba. Hapa mwalimu wa Mbinga ana mfano bora mbele ya mlango wa darasa. Wamatengo hulima ngoro: huligawa shamba la mlimani kwa matuta yanayokatana, katikati yake mkabaki mashimo. Lenzi nayo hukigawa chumba kwa namna inayofanana na hiyo. Mtu anapovuka kutoka sehemu moja kwenda nyingine, joto linalopokelewa hubadilika ghafla, na badiliko hilo ndilo linaloamsha chombo. Mtu aliyetulia kabisa hakiamshi.

Matayarisho

Mwalimu awe na kitambuzi chenye betri, kisanduku kikuu, ngazi imara, fito ndefu, kipande cha karatasi ngumu, kipimajoto na chaki. Kabla ya kipindi akisajili kitambuzi katika kisanduku kwa kufuata maelezo ya mtengenezaji, na akiweke katika hali ya majaribio. Jambo hili lisisahauliwe. Vitambuzi vingi visivyo na waya, vikishapeleka ishara, hupumzika dakika 2 au 3 ili kutunza betri; mwalimu asiyelijua hilo ataona chombo kimenyamaza mbele ya darasa, naye atadhani kimeharibika.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza: kubashiri. Kitambuzi kiwekwe juu ya meza, na wanafunzi wote wakae nyuma yake. Mwalimu aulize, "Hiki chombo kinaona nini?" Wengi watajibu kwamba kinaona mtu. Jibu hilo lisikataliwe. Liandikwe ubaoni ili lipimwe.

Hatua ya pili: fito na mtu. Mwanafunzi aliyejificha kando apitishe mbele ya kitambuzi karatasi iliyofungwa kwenye ncha ya fito. Karatasi inacheza, lakini kwa kuwa joto lake ni sawa na la ukuta, kwa kawaida taa ya kitambuzi haiwaki. Kisha mwanafunzi mwenyewe apite, taa itawaka. Darasa lieleze tofauti.

Hatua ya tatu: njia ya kupita. Mwanafunzi mmoja avuke chumba kutoka kushoto kwenda kulia, na mwingine akiendee kitambuzi moja kwa moja. Kwa chaki, waweke alama mahali taa ilipowaka. Wataona kwamba anayevuka hutambuliwa mapema zaidi, maana huvuka "matuta" mengi kwa muda mfupi.

Hatua ya nne: kioo. Kitambuzi kielekezwe dirisha la kioo lililofungwa, na mwanafunzi apite nje. Macho yetu yanamwona, lakini chombo hakimtambui, kwa sababu kioo huzuia mionzi ya joto la mwili. Sasa darasa lirudi ubaoni na kulisahihisha jibu la kwanza.

Kufunga chombo

Baada ya majaribio, wanafunzi wachore ramani ya stoo na kupendekeza mahali pa kukifunga. Mapendekezo yapimwe kwa hoja zilizopatikana. Kifungwe pembeni, ili aingiaye mlangoni akivuke wala asikiendee. Kisielekee dirisha lipigwalo na jua, wala pazia lipeperushwalo na upepo wenye joto. Kisitazame njia ya paka au kuku. Kwa vitambuzi vingi vya nyumbani, kimo cha mita 2 hadi 2.4 hufaa, na chombo huona umbali wa mita 10 hadi 12. Maelezo ya mtengenezaji ndiyo yanayotawala. Mlango wa chuma na makabati ya bati hudhoofisha ishara ya redio, basi ijaribiwe kabla ya kutoboa ukuta. Kupanda ngazi na kutoboa ni kazi ya mtu mzima.

Hali ya hewa nayo ni somo. Ngozi ya mtu ina joto la nyuzi 33 hivi. Katika chumba chenye nyuzi 18, kama ilivyo katika majira ya baridi huku milimani, tofauti ni nyuzi 15. Katika chumba chenye nyuzi 31, jambo lisilo geni Mbamba Bay kando ya Ziwa Nyasa, tofauti ni nyuzi 2 tu, na kitambuzi huweza kuchelewa kumtambua mtu. Kwa hiyo jaribio la kutembea chumbani lifanywe pia wakati wa joto kali.

Swali ambalo mwanachuo ataulizwa

Mzazi aweza kuuliza: je, hamwafundishi watoto wizi? Tunajibu kwamba mwizi hutegemea zaidi uzembe wa mwenye mali: betri iliyokwisha, kabati lililosogezwa mbele ya chombo, king'ora kilichozoeleka. Mtoto aliyejifunza sababu ndiye atakayeyaona hayo na kuyasema. Tena na afundishwe waziwazi kwamba king'ora hakimkamati mtu, huita watu. Kama shule haikupatana na majirani nani atatoka na nani atampigia simu mwenyekiti wa kitongoji, chombo kitalia bure.

Mazoezi kwa mwanachuo

1. Andika azimio la kipindi cha dakika 40 kwa hatua ya pili na ya tatu.
2. Chora ramani ya chumba kimoja cha chuo, uonyeshe mahali pawili pa kufunga kitambuzi: pafaapo na pasipofaa. Toa sababu.
3. Mwanafunzi asema, "Usiku hakifanyi kazi, maana kuna giza." Utampa jaribio gani ajisahihishe mwenyewe?