Kusaka Tundu la Maji Kwenye Injini

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Matatu ya mjomba, Toyota HiAce yenye injini chini ya viti vya mbele, ilikuwa ikimaliza maji ya rejeta. Tulisaka hivi:

Kwanza, ngoja injini ipoe. Ukifungua rejeta ikiwa moto, maji yatakurukia na kukubabua. Pili, tandika katoni chini ya gari usiku. Asubuhi utaona tone limeangukia wapi. Tatu, inua kiti, umulike kwa tochi na kioo kidogo. Maji huteremka, kwa hivyo fuata madoa kwenda juu hadi yanapoanzia. Nne, kagua mipira, vibano na kile kitundu cha chini ya wota pampu. Kikilowa, sili imekwisha.

Chetu kilikuwa kimelowa. Pampu ni ghali, lakini injini ikiungua matatu italala, na karo yangu hutoka humo.