Mashine ya Figo na Swali la Nani Atibiwe

Kila teknolojia mpya ya tiba huja na matumaini, na aghalabu huja pia na swali ambalo halikuwapo kabla yake. Historia ya usafishaji wa damu kwa mashine yadhihirisha jambo hili.

Figo huchuja taka na maji ya ziada kutoka katika damu. Zikishindwa kabisa, sumu hujikusanya mwilini na mgonjwa hufariki. Katika miaka ya 1940, daktari Willem Kolff wa Uholanzi aliunda mashine ya kufanya kazi hiyo nje ya mwili. Hata hivyo, kila mara mgonjwa alipounganishwa nayo, mishipa yake ilipaswa kukatwa upya. Kwa hiyo tiba ilimfaa yule tu ambaye figo zake zingepona baada ya muda mfupi.

Mwaka 1960, Belding Scribner wa Seattle, Marekani, alitumia mrija wa plastiki unaounganisha ateri na vena na kubaki mkononi mwa mgonjwa. Mgonjwa wake wa kwanza aliishi miaka 11 zaidi.

Kamati ya Seattle

Hapo ndipo swali lilipozuka. Kituo kilichofunguliwa Seattle mwaka 1962 kilikuwa na mashine chache na wahitaji wengi. Madaktari waliwachuja wagonjwa kwa vigezo vya kitiba, lakini waliobaki bado walizidi nafasi. Uamuzi ukakabidhiwa kamati ya watu 7, wakiwamo mwanasheria, mchungaji na mama wa nyumbani. Walitazama umri, ndoa, idadi ya wategemezi, kipato, kazi na elimu. Mwaka huohuo jarida la *Life* liliieleza kazi yao, na mjadala mkali ukafuata.

Wanakamati hawakuwa wakatili. Walijua kwamba asiyechaguliwa angekufa. Kasoro ilikuwa katika kipimo. Kupima manufaa ya mtu kwa jamii humpendelea anayefanana na wapimaji, na humweka pembeni mseja, maskini na asiye na kazi.

Njia nyingine

Kura au foleni humheshimu kila mtu kwa usawa, ila haimtofautishi atakayenufaika sana na atakayenufaika kidogo. Vigezo vya kitiba pekee huonekana salama zaidi, lakini navyo haviwezi kuchagua kati ya wawili wenye hali moja. Ndiyo maana wengi hupendekeza kuanza na vigezo vya kitiba vilivyotangazwa wazi, kisha kura au foleni.

Mwaka 1972 sheria ya Marekani iliwapa karibu wagonjwa wote wa figo bima ya serikali. Swali la nani achaguliwe likageuka kuwa swali la bajeti. Ni dhahiri basi kwamba idadi ya mashine na bei ya tiba ni masuala ya maadili, si ya uhasibu peke yake. Hapa Afrika Mashariki, palipo na mashine lakini mgonjwa asiye na bima hulipia kila awamu, mfuko wake ndio hufanya kazi ya kamati ile, bila kikao wala kumbukumbu.

Maswali ya kujadili

1. Je, mwenye watoto wadogo atangulizwe?
2. Nani awe na haki ya kuweka vigezo, na mgonjwa aliyekataliwa akate rufaa wapi?